Dagaa, mawese na tovuti: Ujuzi unaowasubiri vijana wa Kigoma

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa dagaa wa Kigoma, msemo huo ni nusu tu ya ukweli. Jina lao linajulikana hadi Kariakoo, na wapo wateja ambao hawafungui pochi mpaka wahakikishiwe kuwa dagaa walio kwenye kisado ni wa Ziwa Tanganyika na si wa kwingine.

Tatizo ni kwamba jina hilo halimfikishi mteja kwa mama anayeanika dagaa Kibirizi au Katonga. Mwenye hoteli Dodoma au mwenye duka Mbeya akitaka magunia matano, anampigia mtu anayemjua, naye anampigia mwingine, hadi simu ifike mwaloni. Kila anayepokea simu hiyo anakata chake. Hali ni hiyo hiyo kwa mawese ya Ujiji, kahawa ya Kalinzi na Manyovu, asali ya Kibondo na chumvi ya Uvinza.

Hapo ndipo inapoingia kazi ambayo vijana wengi wa mkoa huu bado hawajaiona kama kazi, nayo ni kutengeneza tovuti. Haihitaji shamba wala mtumbwi. Inahitaji kompyuta moja ya kawaida, muda wa kujifunza, na jicho linaloijua bidhaa ya nyumbani.

Vikwazo vilivyopungua

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mkoa umeishi kwa kusubiri: kusubiri treni, kusubiri meli, kusubiri barua. Intaneti nayo ilichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo cha Ualimu Kasulu kilipata huduma hiyo kwa dishi la satelaiti, katika mradi uliowagusa pia wakimbizi wa kambi ya Mtabila. Wakati huo satelaiti ilikuwa ghali na ya polepole.

Mambo yalianza kubadilika nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza kusambazwa mikoani. Umeme nao ulikuwa kikwazo, kwani kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa.

Hii haina maana kwamba umeme haukatiki wala mtandao hausumbui. Maana yake ni kwamba kijana wa Mwanga au Gungu hana tena sababu ya kusema kazi hii ni ya watu wa Dar es Salaam. Kilichobaki ni ujuzi.

Lugha tatu za msingi

Tovuti inafanana na nyumba. Kwanza kuna boma, yaani kuta na vyumba. Kazi hiyo hufanywa na HTML, lugha iliyotokana na kazi ya Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kuanzia mwaka 1989. HTML ndiyo inayosema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha.

Pili kuna plasta, rangi na mapazia. Hiyo ni CSS, iliyopitishwa rasmi mwaka 1996. Tatu kuna swichi na mabomba, yaani vitu vinavyofanya kazi mtu akivigusa. Hapo hutumika JavaScript, iliyoanza mwaka 1995.

Kosa la wanafunzi wengi ni kuanza na swichi kabla ya kuta. Mpango mzuri ni kuzoea HTML na CSS kwanza, hadi mtu aweze kuandika ukurasa mzima bila kunakili, ndipo aiguse JavaScript. Kijana anayetenga saa mbili kila siku ataona matunda baada ya miezi michache. Anayesoma kwa wiki moja kisha akaacha kwa mwezi ataanza upya kila mara.

Ipo pia njia ya mkato inayokubalika. WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003, humwezesha mtu kusimamisha tovuti bila kuandika lugha hizo mwenyewe. Ni msaada mkubwa, lakini fundi asiyejua HTML atakwama siku mteja atakapotaka kitu ambacho hakimo kwenye muundo ulioandaliwa tayari.

Pa kujifunzia bila ada

Habari njema ni kwamba masomo bora ya kazi hii hayalipiwi. W3Schools, iliyoanzishwa Norway mwaka 1998, inafaa kwa anayeanza, kwani kila somo ni fupi na lina mahali pa kujaribu hapo hapo. MDN, iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005, ni kama kamusi ya fundi, na hata waliobobea huirudia kila siku. freeCodeCamp, ya mwaka 2014, humpa mwanafunzi mazoezi kwa mpangilio na cheti baada ya kumaliza miradi.

Masomo mengi ni kwa Kiingereza. Asiyekuwa na Kiingereza cha kutosha asikate tamaa, kwa kuwa maneno yanayorudiwa si mengi. Daftari la maneno mia moja, kila neno na maana yake kwa Kiswahili, humvusha mtu hatua kubwa.

Gharama ya vifurushi pia inapungukiwa na makali mtu akijipanga. Kurasa za masomo zinaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta na kusomwa bila mtandao. Kuandika na kujaribu tovuti nako hakuhitaji intaneti, kwani kivinjari hufungua faili lililo ndani ya kompyuta. Vijana watatu au wanne wanaweza kuchangia kifurushi kimoja na kompyuta moja, wakapeana zamu kama wavuvi wanavyopeana zamu ya wavu.

Kwa anayetaka kukaa darasani, VETA ina chuo Kigoma, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani. Aidha, ofisi ya SIDO ya mkoa ni mahali pa kuulizia upande wa biashara, hasa namna ya kupanga bei na kutunza hesabu, mambo ambayo mafundi wengi wa kompyuta huyapuuza.

Mawazo yako mwaloni

Mwanafunzi akishajua lugha, swali linalofuata ni tovuti ipendeze vipi. Mwaka 2003 Dave Shea wa Canada alianzisha CSS Zen Garden, ambapo ukurasa mmoja wenye maneno yale yale ulivalishwa sura nyingi tofauti na wabunifu wa nchi mbalimbali. Somo lake bado lina nguvu: maneno ni yale yale, mavazi ndiyo yanayobadilika. Kijana anaweza kulifanya zoezi hilo mwenyewe, akaupa ukurasa mmoja wa duka la mawese sura tatu, kisha akawauliza wauzaji ipi inasomeka haraka.

Kuiga tovuti za Ulaya rangi kwa rangi hakuna faida. Kigoma ina rangi zake: wekundu wa mawese, fedha ya dagaa wabichi, bluu ya ziwa asubuhi, vitenge vinavyovuka kutoka Congo na Burundi, na taa za wavuvi usiku usio na mwezi. Ina pia historia inayotafutwa na wageni, kama Ujiji ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na meli ya Liemba iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913.

Jina la mahali linaweza kuuza. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Marekani ya Green Mountain Coffee Roasters, ikishirikiana na Taasisi ya Jane Goodall, iliuza kahawa ya wakulima wa Kigoma kwa jina la Gombe. Mnywaji wa mbali alielezwa kuwa kahawa hiyo inatoka jirani na msitu wa sokwe aliokwenda kuwachunguza Jane Goodall tangu Julai 1960. Simulizi hiyo ya kweli iliipa kahawa ya Kigoma sura yake miongoni mwa kahawa nyingi za dunia.

Hata hivyo, simulizi haitoshi kama majibu ya mnunuzi hayapo. Mnunuzi wa dagaa anataka kujua kama wamekaushwa juu ya chanja au mchangani, gunia lina kilo ngapi, nani anasafirisha na malipo yanafanyika vipi. Mnunuzi wa mawese anauliza dumu ni la lita ngapi na mafuta yamekamuliwa lini. Mbunifu mzuri hukaa na muuzaji siku nzima, akaandika maswali yote anayoulizwa kwa simu. Maswali hayo ndiyo yanayokuwa kurasa za tovuti.

Kurasa hizo pia zinatakiwa kwenda na wakati. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mnunuzi anayefungua tovuti wakati ziwa limefungwa na kukuta bei ya miezi sita iliyopita atajua mara moja kuwa hakuna anayeitunza.

Ukurasa mzito ni duka lililofungwa

Wateja wengi wa Tanzania hufungua tovuti kwa simu, na kwa kifurushi cha kupima. Picha moja ya simu inaweza kufikia megabaiti 3. Ukurasa wenye picha 20 za namna hiyo una megabaiti 60, na mteja atauacha kabla haujafunguka. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa wote unakuwa na megabaiti 3 tu, na kwenye kioo cha simu jicho la kawaida halitaona tofauti.

Kwa hiyo kipimo cha kazi si namna inavyoonekana kwenye kompyuta ya fundi. Ijaribiwe kwenye simu ya bei ndogo, mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Namba ya simu iwe juu kabisa, na ikiguswa ipige.

Jina liwe la nani?

Kosa linalowagharimu wafanyabiashara wengi halihusu rangi wala picha. Linahusu umiliki. Kila tovuti ina vitu viwili vinavyolipiwa: jina lake la mtandaoni, kwa mfano lile linaloishia na .co.tz, na nafasi kwenye seva inakohifadhiwa. Majina ya .tz hununuliwa kwa mawakala walioidhinishwa na hulipiwa upya kila muda wake ukiisha.

Fundi akisajili jina kwa kutumia jina lake mwenyewe, kisheria mteja hana chake. Siku wakikosana, fundi akahama au akafariki, duka la mtandaoni linakwenda naye. Na ada isipolipwa, tovuti inazimika, na mtu mwingine anaweza kulichukua jina lililotangazwa kwa miaka.

Dawa yake ni makubaliano ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Yaseme kuwa jina limesajiliwa kwa mwenye biashara au ushirika, maneno ya siri yamekabidhiwa, ada inalipwa tarehe ipi na nani, na mabadiliko mangapi kwa mwezi yamo kwenye bei. Kikundi cha akina mama kihifadhi maneno ya siri kwa viongozi wawili, kama kinavyofanya kwa funguo za sanduku la fedha. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mkataba huo unamlinda fundi pia. Badala ya kulipwa mara moja na kusumbuliwa mwaka mzima, anapata malipo ya kutengeneza na malipo madogo ya matunzo. Tovuti kumi zinazotunzwa vizuri ni kipato cha kueleweka bila kuhama Kigoma.

Jambo jingine ni taarifa za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayekusanya majina na namba za simu za watu. Tovuti isiombe taarifa isiyohitajika kwa oda, na zilizokusanywa zisigawiwe ovyo.

Pa kuanzia

Kijana asisubiri mteja mkubwa. Aanze na ukurasa mmoja wa shangazi anayeuza sabuni ya mawese, au wa ushirika wa kahawa wa kijijini kwao, wenye picha tano halisi, bei, namba ya simu na njia ya kusafirisha mzigo. Baada ya mwezi aulize ni simu ngapi zimeingia kutokana na ukurasa huo, na wapigaji waliuliza nini ambacho hawakukiona. Kisha arekebishe.

Ukurasa huo mmoja unaofanya kazi utamtambulisha kwa mteja wa pili kuliko vyeti vingi. Na mama wa Kibirizi, aliyezoea kusubiri simu ya dalali, huenda safari hii akapokea simu ya mnunuzi mwenyewe.