Ushuru wa mazao: nani analipa, na umuulize nani?

Wakati wa mavuno swali ni moja: ushuru wa mazao ni wa mkulima au wa mnunuzi? Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inasema ni wa mnunuzi. Mwaka 2017 Bunge lilishusha kiwango kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa kiwango hicho, gunia la mtama la shilingi 60,000 lina ushuru wa shilingi 1,200. Mnunuzi akikukata fedha hiyo kwenye bei yako, umemlipia wewe.

Fedha hizo huingia Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino, siyo mkoani. Mkoa hauna baraza la kuchaguliwa. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na mkurugenzi wa halmashauri vilevile. Unayempigia kura ni diwani wa Kata ya Buigiri, kila baada ya miaka 5, siku moja na Rais na mbunge. Madiwani ndio hupitisha bajeti na kumchagua mwenyekiti wa halmashauri.

Kijijini tunamchagua mwenyekiti wa kijiji. Mara iliyopita ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu, na mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kuuliza. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Diwani wenu akifika, muulizeni ya halmashauri. Na siku ya kuuza, mwambie mnunuzi akuonyeshe risiti ya ushuru.