Mafunzo ya Kompyuta na Mtandao: Kitu Gani Hufunzwa?

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Muda uliobaki wa kumaliza Kidato cha Nne ni mfupi, na kila jioni bwenini mazungumzo ni hayo kwa hayo: nani atakwenda Kidato cha Tano, nani chuoni, nani atarudi nyumbani kupalilia mikorosho. Wapo wasemao kwamba watakwenda kusomea kompyuta. Ukiwauliza kompyuta ya namna gani, hujibu, "Kompyuta tu." Nao wazazi wakisikia hivyo hudhani mtoto atafundishwa kupiga chapa barua na kutoa nakala za vyeti, kama wafanyavyo vijana wa vibandani karibu na stendi. Hiyo ni kazi halali, lakini siyo ninayotaka kuieleza. Nataka kueleza masomo mawili: kuandika programu, na kuunganisha mtandao.

Nitaanza na korosho, maana sidhani kuna nyumba ya Nachingwea au Ruangwa isiyojua habari za mnada. Zamani wanunuzi waliandika bei zao katika karatasi, wakazitia sandukuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX, na chama chetu kikuu cha RUNALI kimo katika utaratibu huo. Mnunuzi aweza kukaa Dar es Salaam, akaandika bei yake huko, na wakulima wakaiona kwenye skrini. Sanduku limeondoka, lakini kazi ya kulifungua na kupanga bei haikuondoka. Sasa hufanywa na programu, na programu huandikwa na mtu.

Programu ni maagizo yaliyopangwa moja baada ya jingine. Tuseme wanunuzi watatu wameandika bei ya kilo moja: shilingi 3,100, shilingi 3,245 na shilingi 3,180. Wewe umekwisha kuiona iliyo kubwa. Kompyuta haioni kitu. Hapana budi iambiwe hivi: Shika bei ya kwanza. Tazama inayofuata. Ikiwa ni kubwa kuliko uliyoshika, iache ya zamani ushike hiyo; ikiwa si kubwa, endelea. Fanya hivyo mpaka bei ziishe. Iliyobaki mkononi ndiyo kubwa kuliko zote. Maagizo hayo hayo yatafaa kwa bei 3 au kwa bei 3,000, na kompyuta itayamaliza kabla hujapepesa jicho.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Lakini je, wawili wakiandika bei iliyo sawa? Je, mwenye bei ya juu akitaka tani 10 tu, na ghalani zimo tani 200? Je, kidole kikiteleza na mtu akaandika 32,450 badala ya 3,245? Karani wa kawaida angecheka na kumwuliza, "Bwana, una hakika?" Kompyuta haicheki wala haiulizi, isipokuwa imeagizwa kuuliza. Itampa ushindi mtu yule, na wengine wote watarudishwa. Basi sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa programu ni kuyafikiri mambo kama haya kabla hayajatokea. Akisahau moja, anayeumia si yeye. Ni mkulima aliyengoja mnada tangu alipopulizia dawa mikorosho yake.

Lugha za kuandikia maagizo haya ni nyingi. Moja inayopendwa kwa wanaoanza ni Python, nayo ina maneno yake ya msingi 35 tu. Ni maneno ya Kiingereza, lakini mafupi, na aliyefika Kidato cha Nne hayamshindi. Linaloshinda wengi ni kule kusema kila jambo pasipo kuruka hata moja. Jaribuni mchezo huu hapa bwenini: mmoja atoe maagizo ya kupika ugali, mwingine ayafuate kama mashine. Mara nyingi maji huwa hayajachemka, maana hakuna aliyeagiza moto uwashwe.

Sasa tuje kwenye mtandao. Bei iliyoandikwa Dar es Salaam hufikaje huku? Kwanza hugeuzwa kuwa tarakimu za 1 na 0. Herufi A, kwa mfano, huandikwa 01000001. Kisha ujumbe hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa namba yake na anwani ya kompyuta kinakokwenda, mithili ya barua ndefu iliyotiwa kurasa zake katika bahasha mbalimbali. Njiani ziko mashine ziitwazo ruta. Kila ruta husoma anwani na kukipeleka kipande mbele kwa njia iliyo wazi. Vikifika, hupangwa tena kwa namba zake, na kilichopotea huombwa upya.

Wazee wa Nachingwea wanaikumbuka reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Ilikuwa njia moja, na ilipofungwa miaka ya mwanzo ya 1960 na kung'olewa, ndiyo ikawa basi. Mtandao wa intaneti ulibuniwa usiwe hivyo. Tuliona mfano wake mwezi Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, na mwenye haraka njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Masasi, Tunduru na Songea. Siku chache baadaye, Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya mbili za baharini zinazoiunganisha nchi yetu na ulimwengu, SEACOM na EASSy, zilikatika. Intaneti ilizorota nchini kote, lakini haikufa kabisa, kwa kuwa vipande vya ujumbe vilizungushwa kwa njia nyingine zilizobaki, kama yale mabasi.

Mwanafunzi wa mtandao hujifunza hayo yote, na pia kazi ya mikono. Waya wa kawaida wa mtandao una nyaya nane ndani yake, zimesokotwa mbili mbili ili kupunguza kuingiliwa na umeme wa nyaya za jirani. Nyaya hizo hupangwa kwa rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi akizikoroga, taa haiwaki. Waya huo haupasi kuzidi meta 100. Zaidi ya hapo ni lazima kuweka mashine katikati, au kutumia uzi wa kioo unaopitisha mwanga.

Ama kuhusu mahali pa kusoma, njia ni zaidi ya moja. Mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini aweza kuanza ngazi ya 4 katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, na akifika ngazi ya 6 hupata stashahada. Viko vyuo vya VETA, kwa mfano Lindi mjini na Ruangwa, na pale Dar es Salaam kiko kituo cha Kipawa kilichowekwa hasa kwa masomo haya. Tena viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden. Vya jirani yetu ni Masasi na Chilala. Si kila chuo kinafundisha kila fani, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa nauli.

Wazazi wetu wakienda kuuliza, wasiridhike na jibu kwamba "kompyuta zipo". Waulize kama chuo na fani yenyewe vimesajiliwa. Waulize wanafunzi wangapi hukaa kwenye kompyuta moja, na kama wanafunzi hufunga nyaya kwa mikono yao au huchora ubaoni tu. Tena waombe waonyeshwe programu moja iliyoandikwa na mwanafunzi wa mwaka jana, waione ikifanya kazi.