Wapelelezi wa vita ya 1940 walipita Congo: tuwafuate njia yao

Tangu vita vilipofika Kanyabayonga na Kayna mwishoni mwa mwezi wa 6, 2024, neno "mupelelezi" limekuwa neno la kila siku kwetu. Mutu asiyejulikana akipita, akipiga picha ya daraja ao akiuliza sana juu ya njia, hakukosi mwenye kusema: huyu anapeleleza. Neno likishatoka mudomoni, kulirudisha ni kazi. Upande wa Beni na Butembo kuna watu waliopigwa mpaka kufa juu ya kushukiwa tu, na kisha jamaa zao wakafika na vitambulisho mukononi.

Huko London na Berlin, upelelezi wa vita ya zamani umekuwa matembezi. Wageni wanalipa feza, muongozaji anatangulia, wanasimama mbele ya nyumba: hapa aliishi fulani, pale barua zilifichwa. Sisi pia tungeweza kufanya matembezi ya namna hiyo, sababu moja ya siri kubwa kabisa za vita ya pili ya dunia ilipitia katika inchi yetu. Basi tuyafanye hapa, ndugu musomaji, bila kununua tiketi ya ndege.

Tuanzie kwenye gare ya Lubumbashi. Wakati ule muji uliitwa Elisabethville. Reli ilifika pale mwaka wa 1910 ikitoka kusini, ikafuata shaba. Mwenye shaba alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa 1906, ambayo serikali ilinyanganya mali yake 1967 na leo tunaijua kwa jina la Gécamines. Kutoka gare, reli inapanda kuelekea Likasi, kama kilometa 120. Kisha Likasi, ukielekea magharibi kidogo, kuna Shinkolobwe.

Uraniamu ilivumbuliwa Shinkolobwe mwaka wa 1915. Kwa miaka mingi hakuna aliyeijali sana. Kilichotafutwa katika mawe yale ni radiumu, ya kutibu kansa na ya kupaka saa ili ziwake usiku. Mwaka wa 1937 shimo lilifungwa, maji yakajaa ndani. Lakini mawe yenyewe hayakuwa na mufano: mengine yalikuwa na oksidi ya uraniamu mpaka asilimia 65, wakati mahali pengine duniani watu walifurahia jiwe lisilofika hata asilimia 1.

Tarehe 2 mwezi wa 8, 1939, mwanasayansi Albert Einstein alitia saini barua kwa rais wa Marekani, Roosevelt. Ilieleza kwamba bomu la nguvu isiyojulikana linaweza kutengenezwa kwa uraniamu, na kwamba chemchemi yake kubwa iko katika Congo ya Wabelgiji. Mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, naye alikuwa ameisha kuonywa. Mwaka wa 1940 alitoa karibu tani 1,200 za mawe Katanga, zikapitia bandari ya Lobito, Angola, mpaka New York, zikawekwa ndani ya mapipa katika stoo ya Staten Island. Mwezi wa 9, 1942, afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipomuendea Sengier kuuliza kama Congo inaweza kutoa uraniamu, alijibiwa kwamba iko pale pale mujini, inangoja munuzi. Miaka miwili ilikuwa imelala chini ya pua yao!

Lakini Wajerumani nao walikuwa wamepata yao. Walipoingia Ubelgiji 1940 walikuta akiba ya mawe ya Katanga katika kiwanda cha Olen. Mwezi wa 4, 1945, Wamarekani na Waingereza walikuta tani karibu 1,100 za uraniamu mahali panapoitwa Stassfurt, Ujerumani. Kwa hiyo woga haukuwa wa bure: je, mawe mengine yanatoka Congo kwa njia ya magendo? Ndipo wapelelezi waliingia.

Hapa miguu haitoshi, turuke mpaka Kinshasa, yaani Léopoldville, kwenye ofisi ya konsula wa Marekani. Marekani iliunda shirika lake la upelelezi, OSS, mwezi wa 6, 1942. Mumoja wa watu wake wa kwanza Léopoldville alikuwa James Chapin, na huyu wazee wa Ituri wangeweza kumujua. Alikuwa mwanasayansi wa ndege. Alizunguka misitu ya kaskazini-mashariki kuanzia 1909 mpaka 1915, na mwaka wa 1913, Ituri, aliona unyoya katika kofia ya kienyeji ambao hakuweza kuutambua. Ulimusumbua zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 1936, katika muzeo ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya kama ule: tausi wa Congo, ambaye sayansi ilikuwa haijamuandika bado. Aliyeongoza idara ya Afrika ya OSS kule Washington, Rudyerd Boulton, alikuwa pia mutu wa ndege. Mutu anayetembea porini na darubini na daftari, nani atamuuliza kitu?

Kisha alikuja muhandisi Wilbur Hogue, ambaye rafiki zake walimuita Dock. Kazi yake halisi ilikuwa kuangalia kama uraniamu inaibwa. Ila neno uraniamu halikupashwa kutajwa. Kwa hiyo ilisemwa kwamba anafuata magendo ya almasi. Kifuniko hicho kilikuwa kizuri sababu magendo yenyewe yalikuwako: Congo ndiyo iliyoongoza dunia kwa almasi za viwanda, na bila almasi hizo Ujerumani isingeweza kukata vyuma vya silaha zake.

Angalia watu hao. Walikuwa na karatasi safi, ofisi, vyeo, na salamu nzuri kwa wakubwa wa koloni. Hakuna hata mumoja aliyefanana na yule tunayemushuku kwetu: muchuuzi wa vitunguu aliyesahau kitambulisho, ao kijana asiyesema Kinande.

Turudi Lubumbashi, kwenye uwanja wa mupira. Tarehe 9 mwezi wa 12, 1941, siku mbili tu kisha Wajapani kushambulia Pearl Harbor, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walikusanyika pale wakiomba mushahara wa kutosha. Gavana Maron aliamuru askari wapige risasi. Makumi ya watu walikufa. Mimi ningewapeleka wageni pale mbele ya kuwaonyesha nyumba yoyote ya mupelelezi, juu vita ile iliendeshwa kwa kazi ya watu hao.

Sasa Shinkolobwe yenyewe. Wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kutoa maji na kufungua shimo tena, viwanja vya ndege vya Elisabethville na Léopoldville vikatengenezwa. Mawe yalipanda treni mpaka Ilebo, yakashuka kwa mashua kwenye muto Kasai na muto Congo mpaka Léopoldville, kisha treni tena mpaka Matadi, kisha baharini. Kila hatua kulikuwa mikono ya Wacongo: ya kuchimba, ya kuchagua, ya kubeba. Vumbi waliivuta kifuani. Hakuna aliyewaambia mawe yale ni ya nini. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka kwao, na Hiroshima iliunguzwa tarehe 6 mwezi wa 8, 1945.

Matembezi yetu hayaendi mbali zaidi. Shimo lilifungwa kwa amri ya rais mwezi wa 1, 2004. Wachimbaji wadogo waliendelea kuingia, wakitafuta kobalti na shaba, na mwezi wa 7 mwaka ule ule udongo uliwaangukia, wengine wakafa. Mupaka leo, mugeni wa kawaida haruhusiwi kuingia pale.