Kushusha bei kunaleta wateja?

Biashara ikilala, shauri la kwanza tunasikia ni: "Shusha bei!" Inasaidia kweli? Tuangalie mashini mbili za michezo za Nintendo.

Mwaka 2011, 3DS ilitoka Marekani kwa dola 250. Haikuuzika vizuri. Mwezi wa 8 wakaishusha mpaka 170, chini ya gharama ya kuitengeneza, na hesabu ya mwaka ikafunga na hasara. Lakini wateja walikuja, na kabla ya Noeli wakapata Super Mario 3D Land na Mario Kart 7. Mwishoni 3DS ilipita milioni 75.

Mwaka 2013 Wii U nayo ilitoka dola 350 mpaka 300. Michezo yake ilikuwa kidogo, na kampuni zingine zikaacha kuitengenezea. Iliishia milioni 13 na nusu hivi.

Juu ya nini? Mtu ananunua mashini sababu ya michezo. Mimi wa kilimo naona vile: jembe la bei ndogo halimsaidii asiye na mbegu.

Basi, wewe mwenye kuanza biashara hapa Kalemie, mbele ya kushusha bei, jiulize: mteja anakosa franka, ao anakosa sababu ya kununua?