Kupokea Anwani Mpya za Intaneti: Neno Moja, Maana Mbili

Habari zipitazo katika intaneti hufikishwa kwa anwani za tarakimu. Anwani za toleo la nne, zenye biti 32, hazizidi bilioni 4.3, na akiba yake kuu duniani iligawiwa ikaisha Februari 2011. Toleo la sita, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1995, lina biti 128.

Je, ni kampuni ngapi za mtandao zimekwisha kupokea anwani hizo mpya? Swali hili halijibiki kabla ya kulichambua neno "kupokea". Kupokea ni kutiwa kitu mkononi. Vilevile ni kulikubali jambo na kulifuata. Kampuni iliyopewa fungu la anwani ikaliacha kabatini imepokea kwa maana ya kwanza tu. Taarifa isemayo kwamba kampuni nyingi zimepokea yaweza kuwa ya kweli, na bado ikampotosha mwenye kupanga bajeti.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu. "Kugawiwa" ni kupata fungu kutoka shirika la ugawaji, ambalo kwa Afrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius. "Kutangaza" (si kule kwa redioni) ni kuzijulisha kampuni jirani kwamba njia ya kulifikia fungu hilo hupitia kwako. "Kutumia" ni kumfikishia mteja huduma kwa anwani hizo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. RIPE NCC, mgawaji wa anwani za Ulaya na Mashariki ya Kati, ilianza mwaka 2010 kuwapa watoa huduma nyota: ya kwanza kwa kugawiwa, nyingine kwa kutangaza na kwa maandalizi ya daftarini. Nyota zote nne ziliweza kupatikana hali wateja hawajaonja chochote. Baadaye ikaongezwa ya tano, ya matumizi yenyewe. Google nayo hupima upande wa pili, yaani asilimia ya watumiaji wanaoifikia kwa toleo la sita. Hesabu hizo zikitofautiana, hazipingani.

Neno "kuhamia", lipendwalo na waandishi wa habari, hatuliafiki. Mhamaji huacha nyumba ya zamani. Lakini matoleo haya mawili hayawasiliani moja kwa moja, na kampuni nyingi huyaendesha yote pamoja. Huo tunauita "uendeshaji sambamba". Kuhamia kubaki kwa kampuni iliyokwisha kulizima toleo la nne.