Kabla ya kunywa busaa, uliza imetengenezwaje

Msomaji, ikiwa umewahi kuishi Kariobangi, Korogocho au Mathare, bila shaka waijua harufu ya unga wa mahindi uliochacha ukikaangwa juu ya bati. Hiyo ni busaa inayoandaliwa. Wengi huamini kwamba kwa kuwa ni kinywaji cha mababu, basi hakina madhara. Wana ukweli nusu tu.

Unga huo hulowekwa siku kadhaa hadi uchachuke, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo sukari ikageuka pombe. Baadaye huchujwa, ingawa wazee wa Kiluhya hupendelea kuinywa kwa mirija mirefu kutoka mtungi mmoja. (Wanaohofia kifua kikuu hulaumu mrija bure. Ugonjwa huo huenea kwa hewa, kwa hiyo chumba kilichojaa watu bila dirisha ndicho cha kuogopwa.) Ikitengenezwa hivyo, busaa haina nguvu kupita bia ya chupa.

Hatari ya kwanza ni mahindi yenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi mabovu. Kukaanga na kuchachusha hakuiondoi yote. Mahindi usiyoweza kuyasonga ugali hayafai kupikiwa pombe.

Ya pili ni mbaya zaidi. Muuzaji mwenye tamaa hutaka kinywaji kilevye upesi, akatia kemikali za viwandani. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walikufa jijini Nairobi, hasa mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka. Hiyo haikuwa busaa, bali ile iliyoitwa kumi kumi, lakini mama pima mmoja huweza kuuza zote mbili chini ya paa moja.

Methanoli huwezi kuitambua kwa rangi wala kwa ladha. Mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Tena haina haraka: mnywaji huenda akalala akiamka vizuri, na dalili zikatokea baada ya saa 12 hadi 24. Hutapika, tumbo likauma, akapumua kwa kasi, akaona ukungu mweupe mbele ya macho. Jamaa zake hudhani ni uchovu wa ulevi, wakamwacha alale.

Usimwache. Mkimbize hospitali kubwa usiku huo huo, kwa kuwa dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo na damu yaweza kusafishwa kwa mashine. Ikiwezekana, beba na kinywaji kilichosalia, nao wenzake walionywa naye wapelekwe pia, hata kama wanasema hawajambo.