Mombasa na Kuanguka kwa Sultani: Kweli au Uongo?

Ukikaa barazani Kisauni au ukisubiri feri Likoni, haya umeshayasikia.

Kenya iliitwaa Mombasa baada ya Sultani wa Zanzibar kupinduliwa. Uongo, na tarehe zenyewe zinakataa. Mkataba wa kuuunganisha mwambao na Kenya ulitiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, baada ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, kuandikiana barua za makubaliano. Ukanda huo wa pwani wa maili kumi ulitoka mikononi mwa Sultani siku ya uhuru wa Kenya, 12 Desemba. Mapinduzi yalifika Unguja 12 Januari 1964. Kwa hiyo Likoni, Kisauni na Changamwe zilikuwa Kenya mwezi mzima kabla ya mji mkuu wa Sultani kuanguka.

Pwani ilikodishwa miaka 50, na muda uliisha 2013. Uongo. Mkataba wa 1963 hauna muda wa kwisha. Lakini miaka hiyo 50 haikuzuka hewani: mwaka 1887 Sultani Seyyid Barghash aliipa kampuni ya William Mackinnon haki ya kuusimamia mwambao kwa kipindi hicho. Makubaliano hayo yalishapitwa zamani.

Waingereza walimlipa Sultani kodi. Kweli! Wazee wetu walisema sawa. Mkataba wa 1895 uliweka pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera yake nyekundu ikapepea Fort Jesus hadi uhuru. 

Sultani wa mwisho, Seyyid Jamshid, alijiuzulu, akashukia Mombasa. Uongo mara mbili. Hakujiuzulu; alipinduliwa, akakimbia kwa meli Seyyid Khalifa. Kenya ilimkatalia kushuka Mombasa, akaelekea Dar es Salaam, kisha Uingereza, akaishi huko miongo mingi. Oman ilimruhusu kurudi mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024.

Shida ya ardhi ya Pwani ilianzia kwenye mkataba wa 1963. Uongo, na huu ndio unaotuumiza zaidi. Uskwota wa Likoni na Kisauni ni dhuluma ya kweli, ila mzizi wake ni wa zamani zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mtu apeleke madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliolima kwa mila, bila karatasi, walipoteza. Anayedai haki yake leo aanzie hapo, maana huko ndiko hati zilikoandikwa.